Kisima cha wake wenza Pujini

Wewe kijana unayemwahidi mchumba wako Taj Mahal, hebu siku moja panda boti uende Pemba. Ukifika Chake Chake, ulizia Pujini, kama kilomita 10 kusini mashariki ya mji.

Ahadi hizi tumefundishwa na sinema, tusidanganyane. Majuzi nimeangalia moja ya kale kweli, Shiraz, ya mwaka 1928. Haina sauti, kwa hiyo usitegemee watu kukimbizana mitini wakiimba! Himansu Rai, ambaye ndiye aliyeitayarisha, anacheza kijana wa mfinyanzi anayempenda Selima, binti aliyeokotwa na kulelewa kwao. Selima anaibwa, anauzwa utumwani, mwana wa mfalme anamnunua. Shiraz anamfuata mpaka Agra, na kidogo tu akanyagwe na tembo. Selima anakuwa malkia, na akifa, ni Shiraz, sasa kipofu, anayebuni kaburi lake.

Mwongozaji alikuwa Mjerumani, Franz Osten. Hakujenga majumba ya mbao studio Ulaya. Alikwenda India, akapiga kwenye majumba yenyewe, ngamia na tembo wa kweli, taa yake jua. Waigizaji wote Wahindi. Mwaka 2017 ilioneshwa upya London, imesafishwa na kutiwa muziki wa Anoushka Shankar. Nililia, bwana.

Ila Mumtaz Mahal wa kweli alifariki mwaka 1631 akijifungua mtoto wa 14. Hilo kwenye sinema halimo.

Basi, Pujini. Hapa palikuwa na ngome na jumba la mtawala Mohamed bin Abdulrahman, karne ya 15 hivi. Wapemba wanasimulia kuwa alikuwa Mshirazi (umesikia jina hilo?), na wakampa lakabu ya Mkamandume, yaani anayewakama wanaume. Lakabu hiyo hawakumpa kwa mahaba! Wanasema watumwa wake walibeba mawe ya kujengea huku wakijiburuza kwa makalio.

Nami nilikwenda kwa ajili ya kisima. Alikuwa na wake wawili wasioweza kuonana, basi akakitia kisima ukuta katikati. Mmoja aliteka kwa ndoo na kamba, mwingine akishuka ngazi. Nilimwambia bibi mmoja aliyekuwa akipita na kuni kuwa huyo mume alijua kutuliza nyumba. Akaniangalia.

"Mwanangu, ukuta ule kaubeba nani?"

Taj Mahal nayo ina mawe mengi, na Shiraz, pamoja na uzuri wake wote, inatuonesha mchoraji tu.

Ukienda, toka Chake asubuhi, vaa viatu, maana magugu yamefunika kuta. Kamba ya kutekea usibebe.