Mwacheni Shangazi apande meli

Nitasema jambo na najua kuna ndugu zangu watanikasirikia. Sawa tu. Mtu aliyefanya kazi ughaibuni miaka 26, akatuma pesa nyumbani kila mwezi, ana haki ya kupanda meli ya kitalii na mumewe bila kutuomba ruhusa. Hiyo si pesa ya chama wala ya harambee. Ni yake.

Namzungumzia shangazi yangu. Anaishi Uingereza, kazi yake ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Bwanake, ambaye sisi sote tunamwita Anko, aliendesha basi huko mpaka akastaafu mwaka jana. Mwaka huu mwezi wa tano walipanda meli Southampton wakazunguka bandari za Atlantiki usiku 14: A Coruña, Lisbon, Cádiz, Casablanca, Funchal kwenye kisiwa cha Madeira, halafu wakarudi. Mimi nafanya video, ndiyo kazi inayonilisha, kwa hivyo Shangazi alinitumia klipu 214 nimkatie video moja ya ukumbusho. Akanilipa bei ya mteja, hakutaka bei ya undugu. Nimezitazama zote, zingine mara tatu. Ndiyo maana naongea.

Sasa, shida ilianza na klipu moja ya Funchal. Kule kuna mtaa juu mlimani unaitwa Monte, na tangu karne ya 19 watu hushuka kutoka huko wakiwa wameketi kwenye kiti kilichosukwa kwa fito, chini yake vipande viwili vya mbao vinavyoteleza. Barabara ni ya lami, mteremko mkali. Wanaume wawili waliovaa nyeupe na kofia za majani wanakielekeza kwa kamba, na breki ni viatu vyao. Shangazi ana miaka 58. Kwenye klipu amejifunga mtandio vizuri, amemshika Anko mkono, anapiga kelele "tunakufa leo!" na Anko anacheka mpaka miwani inamtoka.

Akaituma kwenye grupu ya familia. Haikuisha nusu saa. Wa kwanza: "Wengine wanateleza na vikapu na paa la Bibi linavuja." Wa pili akapiga hesabu, akabadilisha pauni kuwa shilingi, akasema hiyo ni karibu laki tano, ingeweza kufanya hili na lile. Wa tatu akaandika tu, "Wazungu weusi." Shangazi hakujibu. Kesho yake asubuhi tukaona ametoka kwenye grupu.

Hebu tuongee kuhusu hiyo laki tano, kwa sababu mimi nilimuuliza. Waliweka pauni 60 kila mwezi kwa miaka minne. Walichukua chumba cha ndani kabisa, kisicho na dirisha, kwa sababu ndicho cha bei ya chini. Yaani wamezunguka bahari na bahari yenyewe hawaioni mpaka wapande juu. Na hiyo miaka minne yote, pesa ya nyumbani haikukosa hata mwezi mmoja. Paa la Bibi limeshatumiwa pesa mara mbili. Mara ya kwanza mabati yalinunuliwa, kisha yakauzwa. Sitasema na nani, anajijua.

Lakini hata tuseme hilo la mabati halikutokea. Bado ningesema hivi hivi, na sababu ni klipu ambazo hakuna mtu wa grupu aliziona, kwa sababu hazina kitu cha kuonyesha. Ni klipu za chai ya asubuhi. Ziko 13. Kila asubuhi Shangazi anaweka simu mezani, anarekodi sekunde chache: yeye, Anko, vikombe viwili, mayai. Nikampigia nikamuuliza, Shangazi, mbona hizi zote zinafanana, nikate? Akasema, "Usikate hata moja. Mimi na Anko wako hatujawahi kunywa chai pamoja siku 13 mfululizo tangu tuoane."

Nikanyamaza kidogo. Halafu nikaelewa. Yeye shifti ya usiku, Anko basi la alfajiri. Mmoja anaingia, mwingine anatoka. Watoto walilelewa kwa karatasi zilizobandikwa kwenye friji. Miaka yote tuliyokuwa tukisema "hao wako majuu, wako fiti", hiyo ndiyo fiti yenyewe. Kwa hivyo mtu akiniambia walienda kuchezea pesa, namwambia walienda kunywa chai. Ilibidi tu waende mbali ambako simu ya kazini haiwafikii.

Si ati safari yote ilikuwa raha. Siku ya pili meli ilipita Ghuba ya Biscay, na mawimbi ya pale yana sifa mbaya. Shangazi alilala chali siku nzima, akaletewa tufaha za kijani na biskuti kavu, hiyo ndiyo dawa yao ya kichefuchefu. A Coruña walipanda mnara wa Hercules, taa ya kuongozea meli iliyojengwa na Warumi karibu miaka 1,900 iliyopita na bado inawaka usiku. Shangazi hakusema mengi kuhusu Warumi. Alisema pweza wa A Coruña ni mlaini kweli, wanamkata vipande wanamwekea mafuta ya zeituni na paprika, lakini supu ya pweza hawaijui, wamuulize mtu wa Pwani.

Lisbon ndiyo ilimgusa Anko. Meli inaingia kwa mto Tejo, inapita chini ya daraja la 25 de Abril, na ukiwa juu unaona kabisa bomba la meli litagonga. Haligongi. Walienda mtaa wa Belém, kwenye kanisa la Jerónimos, ambako Vasco da Gama amezikwa. Sasa sisi ni watu wa Malindi. Tumekua tukiiona ile nguzo yake pale baharini, tumepiga picha za Idi pale, na msalaba ulio juu yake umechongwa kwa jiwe lililotoka Lisbon. Jamaa aliondoka Lisbon Julai 1497 na Aprili 1498 akawa kwetu, akapewa na mtu wa kumwonyesha njia ya India. Miaka saba baadaye wenzake walirudi na mizinga, wakaichoma Mombasa. Kanisa lenyewe, sehemu kubwa ya pesa za kulijenga ilikuwa kodi ya viungo vilivyoletwa kwa njia hiyo hiyo.

Anko amesimama kando ya kaburi, anaongea chini chini kwa sababu ni kanisani: "Huyu alitoka hapa mpaka kwetu, na hakuna aliyemuuliza nauli ametoa wapi na kwao ameacha nani na njaa."

Nilicheka, lakini si mzaha tu. Kwenye hiyo bahari ya Atlantiki, Waafrika zaidi ya milioni 12 walipakiwa kwenye meli kama mizigo. Leo mzee wa Malindi anapita hapo na tiketi yake mfukoni, anashuka kwa miguu yake, anaangalia saa kwa sababu saa kumi na nusu lazima awe amerudi melini. Na watu wake mwenyewe ndio wanaomwambia hapo si mahali pake. Manze, hiyo inauma.

Casablanca walienda Msikiti wa Hassan II, ule ambao sehemu yake imejengwa juu ya maji na mnara wake una urefu wa karibu mita 200. Hakuna klipu ya ndani. Kuna moja tu ya nje, upepo unavuma, Shangazi anasema ameswali na ametutaja wote mmoja mmoja. Wote ninawajua ni akina nani. Msikonde, na nyinyi mlitajwa.

Sasa nisije nikaambiwa naipamba meli. Meli za kitalii zina mambo yake. Kijana aliyekuwa akiwatandikia chumba ni wa Mombasa, mkataba wa miezi minane, kila siku kazi, Jumapili haipo. Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa 2006 unaruhusu kupima kwa saa za kupumzika, na kiwango cha chini ni saa 77 kwa wiki. Wiki ina saa 168. Piga hesabu mwenyewe: zinabaki 91, na unaweza kuwa kazini zote bila mtu kuvunja sheria. Nyingi za meli hizi kampuni zake ziko Marekani au Ulaya lakini zimesajiliwa Bahamas, Panama au Bermuda, ambako kodi na sheria za kazi ni nyepesi. Raha ya abiria inabebwa na mgongo wa mtu, na mara nyingi mtu huyo ametoka Ufilipino, India, Indonesia au kwetu.

Shangazi aliliona hilo siku ya kwanza, kwa sababu ni maisha yake. Anko akaanza kutandika kitanda mwenyewe kabla kijana hajafika, ili akifika apate dakika kumi za kuketi na kuongea Kiswahili. Kwenye klipu moja unamsikia kijana akieleza: anamjengea mama yake nyumba, anamlipia dadake karo. Shangazi anamuuliza, "Na wewe mwenyewe umejiwekea nini?" Kijana anacheka. "Bado, shangazi." Shangazi hacheki. "Haya. Lakini usiseme bado miaka 26."

Hiyo klipu ndiyo iliyonifanya niandike haya. Benki Kuu ya Kenya inasema Wakenya walio nje walituma karibu dola bilioni 4.9 mwaka 2024. Serikali inashukuru, benki zinashukuru, na kila mwanasiasa akienda Marekani anawaita mashujaa. Lakini nyuma ya hizo bilioni kuna watu wa kuhesabika, wanaosimama usiku kucha, wanaosema bado. Yule kijana siku moja atakuwa na miaka 58. Akitaka kuketi na mkewe mahali wanywe chai, grupu ya familia yake itamwambia nini?

Ninaelewa upande ule mwingine, tusidanganyane. Paa linavuja kweli. Mtu akiwa na mgonjwa hospitalini na aone ndugu yake anateleza kwenye kikapu Madeira, roho inamuuma. Ni binadamu. Lakini kuumwa roho ni kitu kimoja, na kumfanya mtu aone haya kwa kucheka ni kingine. Tena hawa hawa ninawaona mtandaoni. Wazungu wawili wastaafu wakipiga video melini, wanaweka kopa kopa, wanaandika "haya ndiyo maisha, Mungu nikumbuke." Shangazi yetu akifanya kitu kile kile, anajigamba. Kwani kupumzika kuna rangi?

Na mimi nina sababu yangu ya kumtetea. Karo yangu ya chuo alilipa yeye, semesta tatu. Nilipoacha mwaka wa pili nikashika kamera, kila mtu alikuwa na swali moja: na pesa za watu? Kila mtu isipokuwa mwenye pesa. Yeye alinipigia akaniuliza kama ninakula vizuri, na hiyo kamera ni ya aina gani. Basi. Hajawahi kunihesabia, si siku ile, si baadaye. Mtu ambaye hakunihesabia mimi karo siwezi kukaa kimya nikimwona anahesabiwa likizo.

Video imekamilika, ina dakika tisa, na asubuhi zote 13 zimo. Nimemtumia yeye na Anko peke yao. Grupuni sitaiweka.

La mwisho ni paa. Bibi si mzigo wa mtu mmoja aliye Uingereza, na sisi tulioko hapa tuna mikono. Ile pesa ya video Shangazi aliyonilipa, nimetoa elfu tano nikamkabidhi fundi, ananiandikia orodha ya mabati wiki hii, na nitayanunua mwenyewe na kuyasimamia yakipigwa misumari. Hilo grupu lina watu 41. Nani anafuata?