Kutoka Joto la Nagongera Hadi Baridi ya Wagagai

Nagongera, mji mdogo wa reli wilayani Tororo, una joto karibu mwaka mzima; blanketi zito hukaa sandukuni. Ndiyo maana mkazi wake anayekwenda kupanda Mlima Elgon hudanganyika kwa urahisi. Hupitia Mbale hadi Budadiri, anakopewa kiongozi wa njia, akiwa bado anatokwa jasho. Lakini kilele cha Wagagai kina kimo cha mita 4,321, na huko juu maji huweza kuganda usiku.

Baridi ikishirikiana na unyevu ndiyo huua. Shati la pamba lililolowa huupokonya mwili joto lake, na mtu aweza kufa hata mahali ambapo maji hayagandi. Kwa hiyo sweta la sufu, soksi, kofia na nguo za kulalia zifungwe katika mfuko wa nailoni, zisiguswe hadi kambini. Koti la mvua liwekwe juu kabisa ya mzigo. Viatu vipya vizoeshwe miguu nyumbani kwa majuma kadhaa.

Anayeumwa kichwa na kutapika huko juu asione haya kumwarifu kiongozi. Dawa yake ni kuteremka. Kilele hakihami.