Benzi la Mjomba

Kiti cha nyuma kabisa cha Benzi la mjomba kilitazama tulikotoka. Tukisafiri Tanga kwenda Korogwe, sisi watoto tuliona mkonge ukitokomea mstari baada ya mstari kwenye kioo cha mlango wa buti. Tukifika, mjomba alishuka injini ikiwa bado inanguruma, akafungua boneti, akabonyeza kijiti kilichoandikwa STOP. Ufunguo peke yake haukuizima. Nilidhani ndivyo Mjerumani alivyotaka.

Lilikuwa 300TD, dizeli ya silinda 5. Kabla ya aina hiyo, Benzi za stesheni wagoni ziliachiwa waunda bodi wa nje. Hizi Mercedes-Benz waliziunda wenyewe Bremen, kuanzia mwaka 1978. Mjomba alipofariki, likauzwa.

Nikalikuta Muheza miaka mingi baadaye, limejaa machungwa hadi darini. Niliomba ruhusa, nikasogeza matunda, nikainua zulia. Bawaba za kile kiti zilikuwepo, na pembeni jina la binamu yangu alilolichonga kwa msumari. Sikuweza hata kupatana bei vizuri.

Fundi mzee wa Tanga alilizunguka mara moja, akagonga juu ya gurudumu la nyuma kwa kidole.

“Hapa hakuna bati, mwanangu. Hii ni puti.”

Chini ya puti tulikuta vipande vya gunia, na chini ya gunia, tundu. Upepo wa bahari ulikuwa umelila. Tulikata, tukachomelea bati jipya, tukapiga msasa. Kazi hiyo peke yake ilimaliza miezi minne. Halafu nyuma. Gari hili hujiinua lenyewe likilemewa: pampu kwenye injini husukuma mafuta hadi kwenye shokomzoba, na mipira miwili ya chuma yenye gesi ya naitrojeni hulainisha mwendo. Vyote vilikuwa vimeng'olewa, zikawekwa springi za lori dogo. Simlaumu aliyefanya hivyo. Vipuri havikupatikana na machungwa hayangoji. Lakini nilitaka mwendo ule wa utotoni, nikatafuta mfumo mzima kutoka gari lililochinjwa.

Kilichobaki ni ule ufunguo. Fundi alinieleza kwamba ufunguo ukifungwa, vakyumu huenda kwenye pampu ya dizeli na kukata mafuta, na vakyumu hiyohiyo ndiyo inayofunga vitasa vya milango. Tukakagua mipira yote ya vakyumu ya mbele. Mizima. Siku ya tatu akalala butini na kipimo chake mkononi, akaniita. Mpira wa kitasa cha mlango wa nyuma ulikuwa umepasuka, nyuma ya kiti chetu sisi watoto. Kipande kifupi kuliko kidole.

Tuliubadilisha jioni ile. Nikawasha, nikaiacha ingurume kidogo, nikageuza ufunguo. Injini ikazima.

Mjomba alikuwa amefungua ile boneti kila safari, maisha yake yote na gari lile.