Kumpokea Msaili Nyumbani

Katika ujana wetu hapa Lushoto, aliyeitwa kuulizwa maswali ya kazi alitoka nyumbani. Alipanda basi alfajiri, akapita Soni na zile kona za bondeni hadi Mombo, na kutoka hapo akaishika njia ya Tanga au ya Dar es Salaam. Nyumba yake aliiacha nyuma. Kama paa lavuja au ukuta umepasuka, mwajiri hakuliona hilo. Siku hizi mambo yamegeuka. Mwajiri ndiye ajaye, tena huingia hadi ndani kwa njia ya simu yenye picha. Twaona inafaa kuwaeleza watu wa nyumbani yaliyotupata sisi, kwani sehemu kubwa ya kosa ilikuwa yetu wenyewe.

Binti yetu alimaliza stashahada ya uhasibu, akakaa nyumbani miaka miwili akiandika maombi. Mwezi wa Aprili 2024, siku chache baada ya Idi, aliitwa kwenye usaili na kampuni moja ya Dar es Salaam, siku ya Jumamosi, saa tatu asubuhi, kwa programu ya Zoom. Programu hiyo aliianzisha Bwana Eric Yuan huko Marekani mwaka 2011, lakini huku kwetu wengi tulilisikia jina lake mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipowazuia watu kukutana. Tulifurahi, kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi ingebaki mfukoni, na binti asingetafutiwa mahali pa kulala ugenini.

Alituomba jambo moja tu. Alisema, "Baba, naomba siku hiyo watoto wa chuo wapumzike."

Tulikataa. Tulimjibu kwamba sauti ya watoto wakisoma Kurani si kelele, na kwamba nyumba isomwayo ni nyumba yenye baraka. Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayakuwa jibu la alilotuomba.

Basi Jumamosi ikafika. Binti aliketi sebuleni, mgongo kwenye dirisha, simu ameiegemeza kwenye chupa ya chai. Barazani watoto wetu wakasoma kila mmoja somo lake kwa sauti ya juu, kama ilivyo desturi ya chuo. Haikupita robo saa mvua ya masika ikashuka juu ya bati, na ajuaye bati lisilo na dari anajua kwamba hapo hata mtu na jirani yake hawasikizani. Wasaili walimwambia kuwa wanaona kivuli cheusi, hawauoni uso. Hapo ndipo shangazi yake aliyeko Mombo alipopiga simu kumtakia heri, na ile picha ikakatika. Aliporudi, walimshukuru kwa muda wake.

Hakutulaumu. Alikwenda kuosha vyombo, na sisi siku ile chakula hakikutupita kooni.

Kila mwaka twawafundisha watoto aya ya 27 ya Surat An-Nur, ambayo yawakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwatolea salamu wenyeji. Hodi ina pande mbili. Mgeni huomba idhini, na mwenyeji naye hupata nafasi ya kujitengeneza, kukunja jamvi na kutandika jingine, na wa ndani kuvuta shela. Yule mgeni wa simu alikuwa amepiga hodi siku tano kabla, kwa barua. Ni sisi tuliokaa na zile siku tano bila ya kufanya neno.

Mwezi wa Juni alipoitwa na mwajiri mwingine, safari hii wa Tanga, tulifunga chuo siku mbili tukashika kazi pamoja naye.

Tulianza na mtandao, maana katika milima hii kila kilima chaweza kuukinga, na hatua kumi zaweza kubadili mambo yote. Tulizunguka nyumba nzima na simu mkononi kama mtu aliyepoteza sindano. Sebule, ambayo ndiyo fahari yetu, haikufaa. Mahali palipofaa palikuwa ghala, chumba chenye dari ya mbao na magunia ya maharage. Tulianza kuyatoa magunia, naye akatuzuia. Alisema chumba kitupu huvuma, na magunia humeza mwangwi. Tulijaribu, tukaona asema kweli. Tukayapanga upande wa nyuma ya simu, yasipoonekana.

Kisha mwanga. Jicho la simu likielekezwa dirishani hujipima kwa ule mwanga mkali wa nje, na uso wa aliye mbele yake hugeuka kiza. Kwa hiyo mtu hukaa akilitazama dirisha, na simu huwa katikati. Usaili ulikuwa saa nane mchana, nasi tulijaribu saa hiyo hiyo siku ya kutangulia. Vyema tulivyofanya hivyo, kwani ukungu wa Juni ulikuwa umetanda hata chumba kikawa kama magharibi. Tuliongeza taa ya sola nyuma ya simu, tukaifunika kwa karatasi nyeupe isimchome macho.

Simu yataka kusimama sawa na macho. Kwa haraka binti alikwisha kupanga juzuu za wanafunzi ziwe kiweko. Tukaziondoa, tukaleta matofali sita na kuyafunika kwa kanga.

Uliobaki ulikuwa ukuta, na hapo tulibishana. Ukuta wa ghala ni wa udongo, una ufa mrefu. Mdogo wake alisema programu yaweza kuweka nyuma yake picha ya ofisi nzuri yenye vioo. Sisi tuliona kwamba hiyo ni kudai kisicho chako mbele ya mtu anayekupima uaminifu wa kushika fedha. Basi, akauliza yule mdogo, na pazia je, si kuficha vile vile? Tulifikiri kidogo kabla ya kumjibu. Pazia halisemi kwamba nyuma yake kuna vioo. Lasema tu kwamba hapa ndipo nyumba ilipoishia kwa mgeni. Hiyo ni sitara, na maskini anayo haki ya sitara kama tajiri. Tulipigilia misumari miwili, tukatundika shuka jeupe lililopigwa pasi.

Simu ilijazwa moto tangu usiku, tusiutegemee umeme. Bando lilinunuliwa la kutosha na kuzidi, kwani saa moja ya mazungumzo ya picha yaweza kula hata gigabaiti moja. Tena tuliwapigia jamaa wote, shangazi wa Mombo akiwa wa kwanza, tukawaomba dua zao waziombe bila ya kupiga simu.

Sisi tulikusudia kuketi pembeni mle ndani, kimya, ili apate moyo. Akasema kwa adabu, "Baba, macho yangu yatakuja kwako, nao watadhani kuna mtu ananipa majibu." Tukatoka. Tuliketi mlangoni juu ya kigoda, tukifukuza kuku na kuwaashiria wapitao wapunguze sauti. Hatukusikia maswali, maana alikuwa na visikizio. Tulisikia sauti yake tu, ikieleza mambo ya hesabu tusiyoyajua, bila ya kutetemeka.

Kazi ile aliipata, kwa mkataba wa mwaka mmoja. Misumari miwili ingali ukutani. Vijana watatu wa jirani wamekwisha kuja kuliomba ghala letu, na Jumamosi iliyopita watoto wa chuo walirudi makwao mapema kwa ajili ya kijana wa muuza kabichi.