Daftari la Njokerio

Asubuhi ya Njoro huanza kwa baridi. Mji huu umekaa zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kabla jua halijachomoza ukungu huwa umeyafunika mashamba ya ngano na viazi hata mgeni asijue shamba linakomea wapi na chuo kinaanzia wapi. Katika ukungu huo ndimo alimokuwa akipita kijana mmoja, mwanafunzi wa uzamili katika fasihi ya Kiswahili, akielekea maktabani. Hata hivyo, hakupita njia ya mkato. Kila siku alizunguka nyuma ya vyumba vya kupangisha, akaruka mtaro wa maji machafu, akatokea barabarani viatu vimejaa tope. Njia ya mkato ilikuwa na kibanda cha mboga, na katika kibanda hicho mlikuwa na mama aliyemdai.

Deni hilo haliwezi kusimuliwa bila kuusimulia mji wenyewe. Mwaka wa 1939 Lord Maurice Egerton, mlowezi kutoka Uingereza, alianzisha hapa shule ya kilimo kwa ajili ya vijana wa Kizungu. Shule hiyo ilikua ikawa chuo cha kilimo, na mwaka wa 1987 ikawa Chuo Kikuu cha Egerton. Wanafunzi walipozidi idadi ya vitanda vya mabweni, kitongoji cha Njokerio kinachopakana na chuo kiligeuka kuwa bweni lisilokuwa na msimamizi. Palipokuwa na mahindi pakajengwa safu za vyumba vya mabati na mawe. Mbele ya vyumba pakaja vibanda: wa chapati na maharagwe, wa maziwa, wa makaa, wa kunakili karatasi, wa kunyoa. Aghalabu husemwa kwamba chuo ndicho kinachoulisha mji. Ni kweli, ila ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba mji nao hukilisha chuo, tena mara nyingi kwa mkopo.

Kijana huyu alipokuja mara ya kwanza kusomea shahada ya ualimu, baba yake alimsindikiza hadi kituo cha matatu cha Nakuru, kilomita zipatazo 25 kutoka chuoni. Walipoagana, mzee alimwambia, "Mwanangu, nimeulizia. Huko maisha ni rahisi."

Mzee alikuwa na maana ya bei, na hakukosea. Chumba kilikuwa shilingi 2,500 kwa mwezi. Viazi, kabeji na maziwa vilitoka mashamba ya karibu, havikulipiwa nauli ndefu kama vile vya jijini. Mwanafunzi aliyejua kupika angeweza kuishi wiki nzima kwa fedha ambazo mwenzake wa Nairobi alizimaliza kwa siku mbili. Lakini neno lenyewe lina mtego. Katika Kiswahili, kitu cha bei ya chini ni rahisi, na jambo lisilo na ugumu nalo ni rahisi. Lugha imeziweka maana hizi mbili katika neno moja, na asiye mwangalifu hudhani kwamba kisichomgharimu yeye hakimgharimu mtu yeyote.

Fedha za matumizi zilipochelewa, na zilichelewa mara nyingi, kijana alimwendea yule mama wa mboga. Mama hakuuliza maswali. Chini ya meza ya mbao alikuwa na daftari la shule lenye jalada la samawati. Hakuandika majina, kwa kuwa majina ya wanafunzi hubadilika kila mwaka, aliandika alama. Kijana alikuwa "Mwalimu wa Kiswahili, koti jekundu." Chini yake zilifuata nyanya za kumi, sukuma ya ishirini, kitunguu, mafuta ya kupima. Kufikia mwezi wa Machi mwaka wa 2020, jumla ilikuwa shilingi 860.

Tarehe 13 ya mwezi huo, mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini. Tarehe 15 serikali iliamuru shule na vyuo vifungwe, na vyuo vikuu vikapewa hadi tarehe 20. Njokerio ilihama kwa siku chache. Magodoro yalifungwa kwa kamba, masufuria yakatiwa katika magunia, matatu zikajaa hadi mlangoni. Kijana alipita mbele ya kibanda akiwa na begi mgongoni. Mama alikuwa akiwahudumia wateja wawili. Angeweza kusimama. Angeweza hata kusema tu, "Mama, sijasahau." Badala yake alijiambia kwamba angerudi baada ya wiki mbili, akapita.

Wiki mbili zikawa miezi. Aliporejea mwaka wa 2021 kumalizia mitihani, alikuta kibanda kimeng'olewa, zimebaki shimo nne za nguzo. Moyo wake ulifanya jambo ambalo hakulitarajia: ulitulia. Ulitua mzigo. Jambo hilo ndilo lililokuja kumwaibisha baadaye kuliko deni lenyewe.

Mwaka wa 2024 alirudi kwa masomo ya uzamili. Aliuchagua mji ule ule kwa sababu ile ile: aliweza kuumudu. Katika wiki ya kwanza alimwona mama yule yule, kibanda kimepungua ukubwa, kimesogezwa karibu na njia. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kuruka mitaro.

Pendekezo lake la utafiti lilihusu methali. Usiku mmoja alikuwa akiziainisha methali za mali na deni, na alipofika penye "Kukopa harusi, kulipa matanga," kalamu iligoma. Alikuwa ameifafanua methali hiyo mara nyingi mbele ya wanafunzi wa sekondari, lakini sasa aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona. Harusi ni ya mkopaji. Matanga nayo ni ya mkopaji. Je, mkopeshaji yuko wapi? Alitazama iliyofuata: "Dawa ya deni kulipa." Hapo pia anayetibiwa ni mdaiwa. Yule aliyetoa sukuma yake akabaki na daftari hakutajwa popote. Kijana aliweka kalamu chini. Alijua alipo mkopeshaji. Alikuwa hatua mia mbili kutoka mlangoni pake.

Alfajiri alipita njia ya mkato. Mfukoni alikuwa na fedha alizolipwa kwa kufundisha vipindi katika shule moja ya karibu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mwalimu wa Kiswahili," akasema mama bila kushangaa. "Koti umelitupa?"

Kijana hakuweza kucheka. Alieleza, akachanganya maneno, akamwekea shilingi 860 juu ya meza. Mama aliinama, akalitoa daftari. Jalada lilikuwa limekwisha kuchakaa, lakini kurasa zilikuwepo. Alipitisha kidole hadi kwenye mstari, akazihesabu noti na sarafu, akachora mkato mmoja ulionyooka.

"Mlikuwa kumi na saba," akasema. "Wewe ni wa nne. Mwanangu alikaa nyumbani muhula mzima wenzake wakiwa kidato cha kwanza, kwa sababu karo yake ilikuwa humu." Aligusa daftari. "Siwalaumu kwa kuondoka. Mliamriwa. Lakini simu mlikuwa nazo, na namba yangu ilikuwa imebandikwa hapa kwenye mbao."

Kijana alitoa noti nyingine ya elfu moja. Mama aliisukuma nyuma.

"Lako limekwisha. La wenzako si lako. Na lile la muhula wa mwanangu halina bei, usijaribu kulilipa."

Walinyamaza. Ukungu ulikuwa ukipanda, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa wakipita wakizungumzia jinsi vitu vilivyo rahisi Njoro. Kijana aliwasikia, akatamani kuwasimamisha, asijue angewaambia nini. Aliomba sukuma ya ishirini na nyanya mbili. Mama alizifunga katika gazeti, akaishika kalamu, akamtazama usoni.

"Leo unalipa, au niandike?"

Kijana alishangaa kwamba swali hilo lingali linaulizwa.

"Nalipa, Mama," akasema.