Dago la Mlimani

Katika nyumba yetu hapa Tanga palikuwa na mambo mawili ambayo hatukudhani kuwa yangegombana: hamu ya watoto ya kulala hemani katika milima ya Usambara, na mapenzi yao kwa mbwa wetu Simba. La tatu hatukulifikiria kabisa, nalo ndilo lililokuja kuwa kubwa kuliko yote. Yuko nasi mama mkubwa wetu, mzaliwa wa Mucojo, katika pwani ya Cabo Delgado kule Msumbiji. Lugha yake ni Kimwani, ambacho masikioni mwetu ni kama Kiswahili kilichotoka nyumba ya pili.

Tulianza kama waanzavyo walimu, kwa karatasi na kalamu. Tulichagua likizo ya Juni kwa sababu mvua za masika huwa zimekwisha. Njia tuliijua: Muheza, Korogwe, Mombo, kisha kilomita kama 33 za kona na magenge hadi Lushoto. Mji huo uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai huko si ya mzaha. Mtu wa pwani aliyezoea shuka moja hana budi kuchukua blanketi mbili, soksi na fulana ya sufu. Tuliandika hema mbili, turubai la kutandika chini, sufuria, unga, mchele, tochi, na dawa za huduma ya kwanza.

Tulipofika kwenye jina la Simba, kalamu ilisimama. Hifadhi za Taifa haziruhusu mtu kuingia na mnyama wa kufugwa, nasi hatuwezi kusema kwamba amri hiyo ni ya uonevu. Mwaka 1994 ugonjwa uitwao distempa, ambao asili yake ni mbwa wa majumbani, uliingia Serengeti ukaua kiasi cha theluthi moja ya simba wa huko. Mbwa mmoja asiyechanjwa anaweza kuwa mjumbe wa msiba. Tena harufu na kubweka kwake huwatia hofu wanyama wadogo, wakaacha malisho yao na hata watoto wao. Kwa hiyo tulikata shauri kwamba msitu wa hifadhi wa Magamba, wenye mbega na miti ya kale, tutautembelea kwa zamu kwa miguu yetu wenyewe, na kambi tutaipiga nje ya mpaka, katika uwanja wa mkulima mmoja aliyekubali kutupokea.

Hata hivyo hesabu ya gari ilitushinda. Mabasi hayapokei mbwa kwa urahisi, na kukodi gari la wazi ni gharama. Basi tukaamua kwamba Simba abaki kwa jirani. Watoto walilia, tukawanyamazisha. Jioni ile, baada ya sala ya magharibi, tulimweleza mama mkubwa mpango wote.

Alisikiliza mpaka tulipotamka neno hema. Hapo aliweka kikombe chake chini, akanyamaza.

Tulipaswa kujua. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilianza tarehe 25 Septemba 1964 huko Chai, katika wilaya ya Macomia, ambayo ndiyo wilaya ya Mucojo. Yeye alikuwa mtoto, na msitu alijifunza kuujua kwa kujificha ndani yake. Mwezi Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliipiga pwani hiyo, kikang'oa mapaa na minazi. Mwaka uliofuata vita vipya, vilivyoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017, vilimfikia, akatoka usiku na wajukuu wawili. Hema alilijulia Metuge, miongoni mwa waliohamishwa kama yeye. Lilikuwa tanuri mchana, na mvua iliponyesha maji yalipita chini ya mkeka. Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sisi tulimletea ung'ongo huo mbele ya chai, tukauita starehe.

Tulianza kuomba radhi. Lakini swali alilouliza halikuwa la hema.

"Wanangu, na mbwa mtamwacha?"

Kisha alitueleza jambo ambalo hakupata kutueleza tangu aje. Huko kwao alikuwa na mbwa aliyelinda muhogo dhidi ya nguruwe mwitu. Usiku ule wa kukimbia, mbwa yule aliwafuata. Watu waliogopa kwamba atabweka na kuwafichua, wakamwambia amrudishe. Alimtupia mawe mpaka akasimama. "Hakubweka hata mara moja," alisema. "Alisimama njiani akitutazama."

Hatukuwa na la kujibu. Mama mkubwa hamgusi Simba. Katika madhehebu ya Shafii, yafuatwayo pwani yetu yote, mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Huyo asiyemgusa ndiye aliyemtetea. Tulielewa kwamba tohara ni jambo moja na huruma ni jambo lingine, na kwamba mtu aliyeshika dini yake sawasawa huweza kuyabeba yote mawili.

Basi tuliifuta karatasi ya kwanza, tukaanza nyingine. Gari tutakodi kwa kuchangishana na familia ya pili, nao watakuja na watoto wao. Simba alipelekwa kwa bwana mifugo akachanjwa kichaa cha mbwa wiki nne kabla ya safari, kwa kuwa chanjo haifanyi kazi siku ile ile, na cheti chake kimo katika mkoba pamoja na vyeti vyetu. Watoto wamefundishwa kwamba yeyote atakayeumwa na mbwa, awe wetu au wa wenyeji, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa robo saa, kisha aende hospitali bila kungoja, maana ugonjwa huo ukishaonyesha dalili ni nadra mtu kupona. Simba atakuwa na bakuli lake, ndoo yake na gunia lake. Atafungwa kamba usiku upande wa gari, mbali na hema la mama mkubwa na mkeka wake wa sala. Siku ya safari hatashibishwa kabla ya zile kona za Mombo, na hataachwa peke yake garini madirisha yakiwa yamefungwa. Kila jioni atatafutwa kupe.

Lilibaki neno. Mama mkubwa hakutaka kusikia kambi, kwa kuwa kambi kwake ni foleni ya unga. Mmoja wetu alimkumbusha maisha ya wavuvi: kuhama msimu wa samaki, na wake na watoto na kuku, kujenga vibanda vya makuti ufuoni, kuvua na kukausha, kisha kurudi nyumbani. Kwa Kiswahili tunaita dago. Uso wake ulifunguka. Baba yake, alisema, alikuwa mtu wa dago, naye utotoni alilala mchangani kwa furaha kabla ya vita vyovyote.

"Kumbe mnakwenda dago," alisema. "Dago la mlimani. Semeni hivyo."

Ndugu walimu, mara nyingi tunawafundisha wanafunzi kwamba kambi na dago yanakaribiana maana, tukapita. Sasa tumejifunza kwamba kati ya maneno hayo mawili pana tofauti ya mtu aliyefukuzwa na mtu aliyeondoka akijua siku ya kurudi. Kamusi haikutufundisha hayo.

Tutaondoka Jumamosi ya kwanza ya likizo na kurudi Jumatano. Siku hizo mbili mama mkubwa ametuamuru tuziandike juu kabisa ya karatasi, kabla ya unga na kabla ya blanketi. Jana tulimkuta uani amekaa na nyuzi za katani, anasokota kamba. Tulipomuuliza ni ya nini, alisema ile ya dukani ni fupi mno, mbwa hataweza kujinyoosha.