Kufuli Lisilotulia

Picha ni shahidi mwema, lakini hushuhudia kitambo kimoja tu. Atazamaye picha ya mcheza ngoma aliyenyanyua mguu hulijua umbo la mguu. Hajui ulikotoka wala utakapotua, na ngoma yenyewe haisikii. Elimu ya vimeng'enya ilikaa na picha ya namna hiyo kwa miaka mingi.

Kimeng'enya ni protini ihimizayo kazi za kikemia mwilini. Bila yake nyingi za kazi hizo zingekawia hata uhai usiwezekane. Mwaka 1894 Emil Fischer, mkemia wa Ujerumani, alikifananisha na kufuli, na kitu kifanyiwacho kazi akakifananisha na ufunguo. Mfano huo ulipendeza, ukadumu. Mwaka 1958 Daniel Koshland wa Marekani aliutia shaka, akanena kwamba kufuli hilo hubadili umbo lake ufunguo uingiapo. Mwaka 1965 David Phillips na wenzake, mjini London, walidhihirisha kwa eksirei umbo la lisozaimu, kimeng'enya kipatikanacho katika ute wa yai la kuku. Umbo lilionekana; mwendo wake ulijificha, kwa kuwa protini ilikuwa imefungwa ndani ya fuwele.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo huo ulikuja kusikika kwa njia ya resonansi ya sumaku, ambayo Felix Bloch na Edward Purcell, kila mmoja pamoja na wenzake, waliitangaza mwaka 1946. Viini vya baadhi ya atomu ni mfano wa sumaku ndogo. Vikitiwa katika nguvu ya sumaku kubwa na kupigwa kwa mawimbi ya redio, kila kiini hujibu kwa sauti yake, kwa kadiri ya jirani zake walivyo. Atomu ikihamahama baina ya mahali pawili, sauti yake hufifia na kutawanyika. Na kwa kupima kufifia huko mtaalamu hukadiria uhamaji hutukia mara ngapi kwa sekunde. Wala protini haihitaji kufungwa katika fuwele: hupimwa ingali ikielea majini.

Mwaka 2004 Dorothee Kern wa Chuo Kikuu cha Brandeis, Marekani, pamoja na wenzake, walieleza habari za vimeng'enya viwili vya jamii ya adenileti kinasi. Kimoja ni cha bakteria wa utumbo. Cha pili ni cha bakteria aishiye katika maji yanayokaribia kuchemka. Kila kimoja kina kifuniko, ambacho hufumba kazi ianzapo na kufumbuka iishapo. Katika joto la kawaida kimeng'enya cha maji ya moto kilikuwa kizito wa kazi. Na sababu haikuwa uzito wa kemia, bali kifuniko kilichochelewa kufumbuka.

Hapo furaha ingeweza kumpoteza mtu. Kutikisika kwa kitu kilicho kazini si hoja ya kwamba mtikisiko ndio utendao kazi. Jasho la mkulima huandamana na jembe, lakini jasho halilimi. Mwaka 2011 wataalamu wa California walibadili sehemu chache za kimeng'enya kingine, dihaidrofoleti redaktasi. Umbo lilibaki karibu lile lile, mtikisiko ukapungua, na kazi ya kikemia ikapungua pia; wakanena kwamba mwendo una mkono katika kazi. Mwaka huo huo wengine, Arieh Warshel akiwa mmoja wao, walijibu kwa hesabu kwamba sababu ni mpangilio wa chaji za umeme ndani ya kimeng'enya, si mwendo.

Mabishano haya si ya bure. Kimeng'enya cha jina hilo, kilichomo katika kimelea cha malaria, ndicho kizuiwacho na dawa ya pirimethamini. Na mabadiliko machache ya protini hiyo yaliipunguzia dawa nguvu. Atakaye kutengeneza dawa ya kuziba kufuli lisilotulia hana budi kujua ni mwendo upi ufanyao kazi, na upi uandamao na kazi tu. Kusikia mshindo ni elimu kubwa. Kumjua aupigaye ni elimu nyingine, nayo haipatikani kwa haraka.